Kuitwa Mara Tatu

1

Bi. Mwamvita Mrisho alikuwa na kanga nyingi kuliko alizowahi kununua. Ukimfungulia sanduku lake utazikuta zimekunjwa vizuri, za buluu, za machungwa, moja ya zambarau ambayo rangi yenyewe haimpendezi, na ukimuuliza hii alikupa nani atakujibu, "Mtoto wa watu." Ukimbana, mtoto yupi, atacheka na kubadilisha mazungumzo. Hakujua. Alichojua ni kwamba kuna mtu aliwahi kumpenda hadi akaenda dukani, akasimama mbele ya rundo, akamchagulia jina la kanga. Na yeye bila shaka alimpenda mtu huyo. Halafu wote wawili wakapita kwenye Ungo, na mapenzi yakabaki kwenye kitambaa.

Ndiyo ilikuwa kazi yake, msaidizi wa utawala katika Mahakama ya Watoto ya Isimbila. Usimdharau kwa jina la cheo. Yeye ndiye aliyefungua milango na kupanga mashauri ya siku, akawapokea watoto getini kabla askari hawajawatisha, akawapikia uji wa ulezi kwenye jiko la uani kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mtoto mwenye njaa husema uongo ili amalize upesi. Na yeye ndiye aliyeita watu. Mahakama ilikuwa na mitambo ya kila namna. Geti lilitambua sura na kuta za chumba cha hakimu ziliandika maneno zenyewe. Lakini sheria ilitaka anayehitajika aitwe kwa kinywa cha binadamu, mara tatu. Bi. Mwamvita alikuwa na sauti. Akikuita barazani, wa sokoni anaitika.

Asubuhi hiyo alijifunga kanga ya manjano iliyoandikwa Wema hauozi, akafika barazani na kuwakuta wawili wake wameshakaa benchini na wameshaanza.

"Wewe mwizi, sogea huko, unaniziba upepo."

"Mpagazi na upepo wapi na wapi, Babu Korongo? Nyie mkiona gunia tu bega linawasha."

"Afadhali bega linalowasha kuliko kiganja. Wagogo nyie hata mvua mnaiomba kwa jirani."

"Shikamoo, Mzee Lugusha," alisema Bi. Mwamvita. "Na wewe Nyemo, mheshimu mkubwa wako."

"Marahaba, mwanangu. Mwache. Huyu heshima aliiuza pamoja na betri yangu."

Nyemo akacheka, lakini kicheko kiliishia njiani, na wote watatu wakajua kwa nini. Kesho yake Nyemo Chilewa alikuwa anatimiza miaka kumi na minane.

Nikuambie ilivyokuwa. Mzee Lugusha Kapaya, Mnyamwezi, fundi mstaafu wa pampu za maji, mguu wake wa kulia ulikuwa wa chuma, wenye betri pajani na goti linalojikunja lenyewe. Miaka minne nyuma aliuvua akauegemeza mlangoni, apumzishe kigutu. Nyemo akapita. Alikuwa kibinti mwenye njaa, analelewa na shangazi yake aliyekuwa mgonjwa. Aliunyakua mguu akatoka mbio. Mzee alimfukuza akiruka kwa mguu mmoja hadi barabarani, akaanguka, akavunjika nyonga, akalala hospitali masika yote. Si jambo la kuchekea. Mguu ulipopatikana ulikuwa umebomolewa na betri imeshauzwa. Hakimu akaamuru msichana amhudumie mzee hadi atakapokaribia utu uzima.

Siku ya kwanza ya adhabu, mzee akiwa kitandani amenuna, ndipo alipomuuliza, "Kwanza wewe kabila gani?" Nyemo akasema, Mgogo. Mzee akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akichukua kitu chako unamtukana, anakutukana, mnakula pamoja, yameisha. Hakuna anayempeleka mtani polisi. Kosa la Mzee Lugusha lilikuwa hilo: alishtaki kabla ya kuuliza kabila. Na serikali ikishaandika, haifuti.

2

Ungo watu wa wizara waliuita kwa jina refu ambalo hakuna aliyelimaliza kwa pumzi moja. Ulikuwa kiti, na juu ya kiti sinia pana la kijivu linaloshuka hadi usawa wa nyusi. Anayekaa chini yake husimulia. Jambo linaposimuliwa hulegea kichwani kama mhogo uliofukuliwa kandokando, na hapo Ungo hulivuta likatoka. Lisilosemwa halitoki. Hakuna anayesikiliza, kwa maana atakayesikia naye itabidi akae, na mtambo hauweki nakala. Ujuzi wa mikono hauugusi: aliyefundishwa kushona akiwa kwenye adhabu atatoka bado anashona, ila hatajua nani alimfundisha.

Ndiyo Sheria ya Mwanzo Mpya. Mtoto akimaliza adhabu yake kabla hajatimiza miaka kumi na minane, kosa linafutwa kwake, kwa mlezi wake, kwa aliyemshtaki, kwa hakimu, na mwisho kabisa kwa msaidizi wa utawala, maana yeye ndiye afungaye mlango. Kesho haina kosa. Ni sheria nzuri, wala sitaisema vibaya. Imewatoa wengi shimoni.

Nyemo alimfuata Bi. Mwamvita jikoni, akachukua mwiko bila kuagizwa, akakoroga uji.

"Bi. Mwamvita, nikikataa je?"

"Ukikataa, ukurasa wako unabaki. Chuo cha mafundi wa viungo hakichukui mwenye ukurasa, unajua. Na nafasi umeshapata."

"Basi nisimulie wizi tu. Babu nisimtaje."

Bi. Mwamvita alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. Akaketi juu ya debe. "Haya, nitajie kitu kimoja cha Babu ambacho hakina wizi ndani yake."

Nyemo akafungua kinywa. Akafikiri. Kujifunza ufundi kulianza kwa kuunganisha mguu alioubomoa. Jina la Korongo alimpa kwa kuwa alimwacha amesimama kwa mguu mmoja. Kila utani wao, kila ugali waliokula, ulianzia mlangoni pale. Wapo waliowahi kuacha kipande kisisemwe, na kipande kile kikaota mizizi, wakawa watu wa kuamka wakiuliza nilifanya nini, nilifanya nini, hadi wazazi wao wakajuta.

"Mimi sina babu mwingine," alisema Nyemo, na machozi yakamdondoka kwenye uji. "Asiyekujua hakuthamini. Atapita njiani ataniona kama jiwe tu. Na wewe pia, Bi. Mwamvita. Utaniuliza nimetoka kwa nani."

Bi. Mwamvita akamvuta akamkumbatia. Alimpenda mtoto huyu. Alipenda anavyoimba vibaya, anavyokula ukoko wa uji kwa kidole, anavyoficha woga kwa maneno mengi. Alitaka kumwambia hutasahau, lakini hakuwa mtu wa kuwadanganya watoto.

"Nenda kaoshe uso," alimwambia. "Na uji huu utakunywa wewe, umeshautia chumvi."

Msichana alipotoka, mlango wa uani ukalia, kwi, kwi. Haukuwa mlango. Ulikuwa ni mguu wa Mzee Lugusha. Alikuwa amesikia yote.

"Usiniite," alisema.

"Nini, Mzee wangu?"

"Leo. Utakapofika wakati wa kuniita, usiniite nikasikia. Nimeshajiandikisha getini, nipo. Mtu aliyefika, akaitwa mara tatu asiitike, shauri linaendelea bila yeye, wala kwenye Ungo hakai. Si ndiyo kanuni?"

Ndiyo ilikuwa kanuni. Ilitungwa kwa ajili ya wanaochoropoka kwenda kununua sigara. Angekataa waziwazi, shauri lingeahirishwa, na kesho Nyemo angekuwa mtu mzima mwenye ukurasa maisha yake yote. Angeketi akasikia akanyamaza, angekuwa ameidharau mahakama. Njia ilikuwa moja tu, na ilipita kooni kwa Bi. Mwamvita, maana yeye ndiye aliyetakiwa kumwambia hakimu kwamba ameita mahali mtu anapoweza kusikia.

"Mzee Lugusha, sijawahi kuidanganya mahakama hii."

"Najua. Ndiyo maana wataamini."

"Kesho ukilewa ukimwambia mtu?"

"Mimi sinywi, unanijua." Akaegemea ukuta, mguu ukalia tena. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nyumba yangu ilikuwa kimya hadi alipokuja yule mwizi. Yeye asahau, ni haki yake, aende akasome. Lakini wote tukisahau, hiyo miaka minne itakuwa ya nani?"

Bi. Mwamvita akalitazama jiko. Akaikumbuka kanga ya zambarau. "Na yeye hajaulizwa," alisema polepole. "Utamjua, yeye hakujui. Utakuwa umeshika kitu chake bila ruhusa. Hata huo ni wizi, Mzee."

Mzee Lugusha akalitafakari kwa haki. Hakujifanya hajasikia.

"Ni wizi," alikubali. "Aliniibia mguu, nami namwibia hiki. Mtu na mtani wake. Tutakuwa tumelingana."

Bi. Mwamvita akacheka kwa hasira, na huku akicheka akafuta macho kwa upindo wa kanga. Hakumjibu ndiyo wala hapana. Akamsogezea kigoda na bakuli la uji.

"Kula. Na hicho chuma chako ukitulize."

3

Hakimu Kemilembe alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kusukumwa juu ya paji la uso, asiyependa maneno mengi. Mtoto haitwi jina hadharani katika mahakama ile, kwa hiyo Bi. Mwamvita alimgusa Nyemo begani, wakaingia pamoja. Amri ikasomwa. Adhabu imetimizwa. Mlezi ameshapita Ungo juma lililotangulia.

"Mlalamikaji aitwe," alisema Hakimu.

Bi. Mwamvita akatoka. Kanuni ni kuita kwenye milango mitatu: wa mbele, wa barazani, na wa uani. Akasimama mlango wa mbele, akaita, "Lugusha Kapaya." Kondoo wa jirani wakainua vichwa. Kimya. Akaenda barazani, "Lugusha Kapaya." Kimya, ila Nyemo ndani aligeuka akatazama dirishani, maana alijua babu yake hachelewi kuitika hata akiwa amelala.

Akafika mlango wa uani. Hapa akasimama. Mbele yake ulikuwa mlango wa jiko, umerudishwa tu, na nyuma yake kijiko kiligonga bakuli. Angeita kwa sauti yake, mzee angesikia, na kwa kuwa si mtu wa kudharau mahakama angeinuka. Alimjua. Angeitika. Akawaza kuhusu Nyemo, kwamba ana haki ya kusahaulika kama alivyoahidiwa. Akawaza kuhusu mzee ndani ya ile nyumba, anauvua mguu usiku bila kujua kwa nini kimya kinamuuma. Akawaza kuhusu sanduku lake. Watoto wangapi alikuwa ameshawapenda, wala hapakuwa na mtu hata mmoja chini ya jua wa kumwambia, ndiyo, ilitokea, nilikuwepo.

Angalau mmoja ajue, akasema moyoni.

Akaiita ile mara ya tatu. Midomo ilitaja jina lote, herufi kwa herufi, na hata nzi aliyekuwa ukutani hakushtuka.

Akarudi ndani. "Ameitwa mara tatu, Mheshimiwa. Hakuitika."

Hakimu akamtazama. Na wakati uleule, wallahi kama kuna shetani wa vyuma basi alikuwa kazini, kutoka uani kukasikika kwi, kwi.

"Ni nini hicho?" aliuliza Hakimu Kemilembe.

"Mlango wa jikoni, Mheshimiwa."

Hakimu akasukuma miwani ikashuka puani. Alikuwa amemsikia Mzee Lugusha akipita korido ya mahakama kila mwezi kwa miaka minne. Akaitazama saa, kisha akamtazama Nyemo.

"Uwekewe mafuta," alisema. "Shauri liendelee."

4

Nyemo alikaa kwenye Ungo muda mrefu. Aliyeingia kabla ya mlango kufungwa alimkumbatia Bi. Mwamvita kwa nguvu na kumnong'oneza, "Umwambie Babu ale mboga." Aliyetoka alikuwa msichana mtulivu aliyepepesa macho kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana. Bi. Mwamvita akamwambia maneno yaliyoamriwa, "Shughuli yako hapa imekwisha, nenda salama," na msichana akajibu, "Asante, mama," kwa adabu ya kumjibu mtu baki. Akaenda kuketi benchini, kizunguzungu kimpungue.

Nimesikia watu wakisema yule mama alishazoea. Si kweli. Hilo halizoeleki.

Hakimu akaingia, akatoka. Ikabaki zamu ya Bi. Mwamvita. Akavua saa, hereni na kitambulisho cha kazi, akaviweka juu ya meza, maana Ungo hautaki chuma. Kisha akachungulia uani. Mzee Lugusha alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kofia mkononi.

"Yupo benchini," alimwambia.

"Nitamwambia nini? Mwanangu, ninaogopa. Nikimsogelea akaniangalia kama jiwe?"

"Sijui, Mzee wangu. Mimi nikitoka mle sitakujua wewe wala yeye. Ukinikuta njiani nisalimie. Usiache kunisalimia."

"Sitaacha."

Akaingia, akafunga mlango, akaketi. Sinia likashuka. Akasimulia vyote: mguu ulioegemezwa, binti mwenye njaa siku ya kwanza, uji, ukoko, nyimbo mbovu, kanga ya manjano ambayo Nyemo alimletea Idi iliyopita. Alisita alipofika mlango wa uani. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mwanamke mkweli, na kipande kisichosemwa huota mizizi, kwa hiyo akausimulia uongo wake pia, mbele ya mtambo usiosikia wala kushtaki, na Ungo ukauvuta ukatoka nao. Ndiyo maana hata leo ukimuuliza atakuapia kwamba hajawahi kuidanganya mahakama, na atakuwa anasema kweli yake yote.

Alipotoka alihisi njaa. Alijua amepita Ungo, kama alivyojua siku nyingine, na kama siku nyingine hakujiuliza ulikuwa wa nani. Hiyo ndiyo adabu ya kazi. Akajitengeneza kanga, ya manjano, nzuri, mtoto wa watu. Akasikia ugomvi barazani.

"Kaa kitako, Babu, utaniangukia. Nani alikufungia goti hili? Nati imelegea, na mafuta hamna."

"Fundi wangu amesafiri."

"Fundi gani huyo, mwizi mtupu."

"Sana," alisema mzee. "Wewe lafudhi hiyo, Mgogo?"

"Mgogo. Kwani nini?"

"Basi ondoa mikono kwenye mguu wangu. Nyie mkishika kitu hakirudi. Mimi Mnyamwezi."

"Ala, kumbe mpagazi," alisema msichana, uso ukamkunjuka. "Ndiyo maana umeuchosha mguu hivi. Umebebea nini, pembe?"

Bi. Mwamvita akatokea mlangoni. Msichana alikuwa amepiga magoti sakafuni, bisibisi ya mzee mkononi, vidole vinafungua goti la chuma upesi, kwa uhakika wa mtu aliyelifungua mara nyingi. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka na huku machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu, wala hayafuti.

"Nyie wawili, benchi la serikali hilo, mtalipaka mafuta," alisema Bi. Mwamvita. "Shikamoo, Mzee. Mbona unalia?"

"Marahaba, Bi. Mwamvita. Ni moshi wa jikoni kwako."

"Huyu mjukuu wako?"

"Hapana. Ndiyo kwanza tunajuana. Ni mtani wangu tu."

"Mama, kuna uji?" aliuliza msichana bila kuinua kichwa. "Nasikia harufu. Hata ukoko nakula."

Bi. Mwamvita alikuwa ameshafika jikoni ndipo alipojigusa kifuani kutafuta kitambulisho chake, akakumbuka kiko mezani mle ndani, alikivua. Akasimama na upawa mkononi. Yule mzee jina la Mwamvita amelitoa wapi? Akageuka, akawatazama kupitia mlango uliokuwa wazi: mzee ameuweka mkono juu ya kichwa cha msichana, na msichana anaufukuza kwa bega huku akimtukania babu zake wote hadi pwani.

Hakwenda kuuliza. Akajaza mabakuli mawili, akakwangua ukoko akauweka pembeni, kisha akajaza na la tatu, lake, akaenda kukaa nao.